Kidole cha Wifi Yangu

Dripu yangu ya kwanza ya saratani iliruhusiwa kwa kidole cha wifi yangu, Leokadia. Aliweka gumba la mkono wa kulia kwenye kioo cha mashine, katika dirisha la bima la hospitali moja kubwa jijini Mwanza. Taa ikageuka kijani, karani akasoma jina kwenye kompyuta, akaita, "Imelda." Leokadia akaitika. Mimi, Imelda mwenyewe, nilikuwa benchi la nne nyuma yake, nimempakata mtoto wake, nikiangalia sakafu.

Karatasi ilipotoka aliniletea. Nikaingia nayo chumba cha dripu, ambako hawaulizi kidole, wanauliza karatasi. Ndivyo nilivyoanza kutibiwa. Naandika haya sasa kwa kuwa nywele zimerudi, na kwa kuwa kila nikienda kliniki nakuta mwanamke mwingine amesimama pale dirishani akisugua kidole kwenye sketi, haelewi kwa nini mashine inamkataa. Sababu yake huenda si kama yangu. Yangu niliitengeneza mwenyewe.

Kazi yangu ni kusoma mita za maji Ngara mjini. Natembea na daftari, napanda na kushuka vilima, nafunua vifuniko vya chuma, naandika namba. Mita nyingine zimefukiwa chini sana, inabidi ulale kifudifudi uchungulie shimoni. Januari, baada ya maharage ya vuli kuvunwa, nililala hivyo nyuma ya nyumba moja jirani na stendi, na ukingo wa zege ukanigusa ziwa la kushoto. Niliruka kama niliyechomwa. Nilipoingiza mkono ndani ya blauzi nilikuta kitu kigumu, ukubwa wa punje ya mahindi mabichi. Nikaandika namba ya mita kwanza. Ukurasa ule ninao hadi leo, mwandiko umepinda.

Hospitalini Ngara walinitoa kipande kidogo cha nyama kwa sindano nene, wakakiweka kwenye kichupa chenye dawa, wakaniambia kitasafiri hadi Mwanza na majibu yatarudi ndani ya wiki mbili. Nilihesabu wiki saba. Kila Jumatatu nilipita mapokezi kabla ya kwenda kazini. Wiki ya tatu kijana wa maabara aliniambia mtandao unasumbua. Wiki ya nne alisema majibu yapo.

"Yapo wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye mfumo, mama. Lakini si mfumo wetu. Wao wana wa kwao, sisi tuna wa kwetu. Haisomani."

Nilimuuliza kama hawezi kupiga simu. Akasema majibu ya saratani hayasomwi kwa simu, ni utaratibu, na utaratibu ni mzuri, ila ndiyo hivyo. Nilimwelewa. Mimi pia nina utaratibu. Simsomei mtu mita ya jirani yake. Lakini punje ya mahindi ilikuwa imekuwa kokwa la parachichi, na kwapani lilikuwa limezaliwa jingine. Maharage ya masika yalikuwa yameshachipua. Nilikuwa napita kando ya shamba letu nikiona kila kitu kinakua, na kwa mara ya kwanza maishani kitu kinachokua kikanitisha.

Wiki ya saba daktari mmoja mwanamke pale Ngara alichoka kuniona. Alimpigia mwenzake aliyesoma naye, yule akapiga picha kioo cha kompyuta yake kule Mwanza, akaituma. Picha ilikuwa imepinda, na pembeni kulikuwa na kivuli cha kidole cha mpigaji. Daktari aliikuza, akasoma, akanivutia kiti karibu na chake. Kiti kile kiliniambia kabla yake. Ukiwa unasubiri majibu sasa hivi, nakushauri kitu kimoja: usiulize tu kama yamefika. Uliza yamekaa wapi, na nani anaweza kuyafungua.

Nilipewa rufaa ya Mwanza. Aprili, mvua inanyesha, nilipanda basi na mume wangu Evarist. Kesho yake tulifika dirisha la bima namba tatu saa mbili asubuhi. Dada wa dirishani alichukua kadi yangu ya bima, akaniambia niweke kidole. Taa ikawa nyekundu. Nikaweka kingine. Nyekundu. Akanipa pamba yenye spiriti, nikapangusa. Akaniambia nipitishe kidole kwenye nywele kipate mafuta. Tulijaribu vidole vyote kumi. Nyuma yangu watu walianza kuguna.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nafunua mifuniko ya chuma."

"Basi ndiyo maana. Vidole vimelika." Kisha akatazama kioo tena. "Lakini ulisajiliwa vizuri tu mwaka jana. Biharamulo. Ulipojifungua kwa upasuaji."

Nina miaka arobaini na sita. Mtoto wangu wa mwisho, Prisca, yuko kidato cha tatu. Evarist aligeuka akanitazama, nami nikamtazama, na wote wawili tukajua palepale, kwa dakika ileile. Nikamwambia yule dada kwamba nitarudi. Tukatoka nje tukasimama chini ya bati la duka la dawa, mvua ikituloweka miguu.

Lazima nirudi nyuma.

Mwaka uliotangulia, kiangazi, kahawa ikiwa imeanikwa uani, mama mkwe wangu alikuja Ngara kutoka Mbuba kwa bodaboda. Leokadia, mdogo wake Evarist, ameolewa Nyakanazi, anapika chakula cha madereva wa malori pale njia panda. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Walikuwa wanampeleka hospitali wilayani Biharamulo, na bima hana.

Nilimpa mama mkwe shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikia nilikuwa nimeshajua alichofuata. Kwetu, zamani, mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, kitanda cha kusukwa chenye miti mirefu miwili, wanaume wanne wanapokezana hadi zahanati. Kila kitongoji kilikuwa nayo moja. Hakuna aliyeuliza ingobyi ni ya nani. Aliyekuwa mahututi ndiye aliyekuwa mwenyewe siku ile. Mama mkwe alinyoosha mkono akasema, "Mwanangu, kadi yako ndiyo ingobyi ya siku hizi."

Niliitoa. Picha ya kwenye kadi ni ndogo na imefifia, mimi na Leokadia sote tuna uso wa duara. Alipofika mapokezi alijiita Imelda kati ya uchungu na uchungu. Nasi hatukujua kwamba mashine za vidole zilikuwa zimefika hospitali ile mwezi uleule, na kwamba kila mwenye kadi alisajiliwa palepale anapofika kwa mara ya kwanza. Nesi alimshika mkono akaubonyeza kwenye kioo, kidole kwa kidole. Leokadia alidhani ni kipimo cha damu. Mtoto akatoka mzima, wa kike, wakampa jina langu. Namwita somo yangu. Ngara, mashine ilikuwa bado haijaunganishwa, tulijaza fomu za karatasi, kwa hiyo karibu mwaka mzima nilitembea na kadi ambayo haikuwa yangu tena bila kujua.

Chini ya lile bati Evarist aliniambia maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari kwa sababu sikutaka niyazidishe baadaye. Alisema tukieleza ukweli, wewe utanyang'anywa kadi, na Leokadia atashtakiwa. Nikamwambia tukinyamaza mimi nitakufa. Akasema hakusema tunyamaze. Nikamuuliza amesema nini basi. Akaenda kukata tiketi za kurudi. Basi la kurudi Ngara liliposimama Nyakanazi alishuka, akaenda kibandani kwa dada yake, akakaa huko kwa muda wa sahani moja ya wali. Aliporudi alisema, "Atakuja yeye aweke kidole."

Dripu zilikuwa nane, kila baada ya siku ishirini na moja. Mpango ulikuwa huu: napanda basi la alfajiri Ngara, Leokadia anapanda Nyakanazi na mtoto mgongoni, tunakaa viti tofauti tukikaribia Mwanza. Dirisha namba tatu tuliliacha, tukaenda la tano. Yeye kidole, mimi mshipa.

Dripu ya kwanza ilikuwa Mei. Ile dawa ni nyekundu kama juisi ya rosela, na mkojo unatoka na rangi hiyohiyo; usiogope. Mama mmoja wa Sengerema, aliyekuwa kwenye dripu yake ya sita na hana hata nyusi, alinifundisha kumung'unya barafu wakati dawa inaingia ili midomo isitoke vidonda. Alikuwa anakuja na barafu yake kwenye chupa ya chai, anatugawia wote. Sikujua jina lake. Baadaye nilikuta kiti chake kina mtu mwingine.

Nywele zilitoka siku ya kumi na sita, barabarani, nikiwa kazini. Upepo wa kilimani ulizichukua, nikaziona zimenasa kwenye senyenge. Mteja mmoja alinitania, "Msoma mita, siku hizi unanyoa kama mwanajeshi?" Nikacheka naye, kisha nikaenda nyuma ya tangi lake la maji nikajifunga kitambaa kichwani. Kitunguu kilininukia kama mzoga. Maji yalikuwa na ladha ya msumari. Prisca alipika, akafua, akaacha kunitazama usoni. Usiku nilimsikia akimuuliza baba yake kama shangazi Leokadia akikosa basi itakuwaje.

Dripu ya pili, mwisho wa Mei. Ya tatu, katikati ya Juni, kahawa ikivunwa. Uvimbe ulianza kusinyaa. Daktari aliupima kwa rula ya plastiki akatabasamu, na mimi nikajiruhusu kuhesabu mbele. Heri nisingehesabu.

Dripu ya nne, Julai. Basi lilisimama Nyakanazi, Leokadia hakupanda. Nilimwomba dereva dakika tano. Alikuwa ameshanizoea, siku zote aliniwekea kiti cha mbele na mfuko wa kutapikia, akanipa kumi. Aliyekuja ni Matayo, mume wa Leokadia, fundi tairi, mikono myeusi kwa mpira. Alisimama chini ya dirisha langu.

"Shemeji, somo yako ana malaria, amelazwa zahanati. Na hata angekuwa mzima, nimechoka. Mke wangu si ufunguo wa hospitali."

Nilimwambia ana haki. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Nilikwenda Mwanza peke yangu kwa sababu basi lilikuwa linakwenda Mwanza. Kesho yake nilikaa benchi la nne toka saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona chupa zikitundikwa, moja ikibaki mezani, na nesi akisoma jina lililobandikwa juu yake, akichungulia nje, akirudi. Jina lilikuwa langu. Kati ya mimi na ile chupa kulikuwa na hatua kama kumi na mbili. Nilikwenda hata dirisha la tano nikaweka kidole changu, nikiwa na tumaini la kijinga kwamba labda huruma nayo imewekwa ndani ya mashine. Nyekundu.

Nilirudi Ngara. Wiki tatu zikawa nne, nne zikawa tano. Kila asubuhi niliupapasa uvimbe kabla sijafungua macho. Wiki ya tano uligoma kujificha. Ulikuwa umeanza kurudi ulikotoka. Evarist alikuwa ameacha kula nyumbani, anashinda kwa mama yake Mbuba. Nilimfuata huko. Mama mkwe alikuwa anachambua kahawa, akaanza kulia kabla sijaketi, akisema "ihangane, mwanangu, ihangane," kwamba nivumilie. Nikamwambia, "Mama, nimevumilia hadi mwisho. Kesho naenda kusema."

Hakuna aliyenizuia. Nadhani walikuwa wanamsubiri mtu aseme.

Nilimwambia muuguzi mkuu wa chumba cha dripu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Nilisimulia kwa mpangilio, kuanzia ingobyi. Alisikiliza akiwa anakunja mashuka. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu: "Huyo mtoto yuko hai?" Nikasema yuko hai. Akasema, "Basi njoo."

Alinipeleka kwa daktari, daktari akatupeleka kwa ofisa wa bima. Ofisa yule hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Aliniandikisha maelezo kurasa tatu, akanisainisha ahadi kwamba nikiazimisha kadi tena itafutwa moja kwa moja, na mwajiri wangu ataarifiwa. Leokadia hatashtakiwa safari hii. Halafu akajaribu kunirekebisha kwenye kompyuta, akashindwa. Vidole vinafutwa na hospitali iliyovisajili, akasema. Tukapiga simu Biharamulo. Wao wakasema kufuta si kazi yao, vinafutwa na makao makuu ya bima. Makao makuu wakataka barua kutoka Biharamulo. Biharamulo wakataka mgonjwa aende mwenyewe, na vidole vyake.

Daktari aliniandikia barua ya kuruhusu fomu ya karatasi kila dripu, yenye mihuri mitatu kutoka ofisi tatu kwenye ghorofa tatu. Nilipanda ngazi zile nikiwa na dripu mwilini na bila dripu mwilini, nikishika ukuta. Lakini chupa ile ya nne nilitundikiwa. Nilipoona tone la kwanza linashuka nililia kwa sauti mpaka nesi akanifunika uso kwa kanga yake mwenyewe, nisionekane na watu. Kanga hiyo hakuidai tena.

Kuanzia dripu ya tano dawa ilibadilishwa, ikawa nyeupe. Hii haikunitapisha. Ilikula mikono. Kucha ziligeuka rangi ya udongo wa tanuru, ngozi ya viganja ikawa nyekundu, ikachubuka kama ya nyoka. Vifungo vya blauzi nilifungiwa na Prisca, na hapo ndipo alipoanza kunitazama usoni tena, kwa sababu kifungo cha juu kiko karibu na uso.

Septemba, kati ya dripu ya sita na ya saba, mimi na Leokadia tulikwenda Biharamulo kurekebisha vidole. Ofisa TEHAMA wa hospitali ile, Bwana Festo, alikuwa kijana mstaarabu mwenye chumba kidogo chenye joto, nyaya zikining'inia kama utumbo. Alitupatia viti. Akaeleza kwamba mfumo haukubali kadi isiyo na vidole, hata kwa dakika moja. Kwa hiyo atachukua vyangu kwanza, ndipo aombe vya Leokadia viondolewe. Nikaweka gumba. Mashine haikuwa nyekundu wala kijani. Iliandika: ubora wa alama hautoshi.

Akanishika mkono akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akaleta kioo cha kukuzia. Ncha za vidole vyangu zilikuwa laini, zinang'aa, kama za mwanasesere. Hakuna mstari hata mmoja.

"Mama, hapa hakuna kitu cha kusoma."

Leokadia akacheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa. "Wifi, hata wewe mwenyewe sasa huna vidole."

Tukacheka wote watatu. Bwana Festo alicheka na mkono mdomoni. Kisha akasema turudi dawa zikiisha, mistari ikiota tena. Niliuliza inachukua muda gani. Hakujua. Alisema hajawahi kukutana na mgonjwa wa namna hii, na nikaona anaandika kwenye kitabu chake, kama mimi ninavyoandika.

Upasuaji ulikuwa Novemba, mvua zimerudi, watu wamepanda. Jioni ya kuamkia siku hiyo nililala wodini nikifikiri jambo moja tu: faili langu kwenye kompyuta lina damu ya Leokadia. Walimpima wakati wa kujifungua, ikaandikwa, ikakaa. Damu yangu naijua tangu nilipochangia mama mkwe alipougua. Si kundi lake. Nilimweleza daktari wa zamu, akasema wanapima upya siku zote, nisiwe na shaka. Nilikuwa na shaka. Nilichukua kalamu ninayotumia kazini, ile isiyofutika kwa maji, nikaandika kundi langu la damu mkononi, juu ya kiwiko, herufi kubwa. Asubuhi mtu wa dawa ya usingizi aliliona akauliza nani ameandika. Nikasema mwenye damu.

Nawaambia hili wote mnaokwenda kukatwa: lijue kundi lako la damu kwa kichwa, usitegemee kioo cha mtu.

Niliamka bila ziwa la kushoto, na mpira wa plastiki ukinitoka ubavuni. Evarist alikuwa amekaa kitandani miguuni kwangu. Alikuwa ameleta ndizi za kuchoma zilizopoa. Alimenya ndizi, akaigawa vipande vidogo kama ninavyomgawia mtoto, akanilisha. Nilikuwa nimemsubiri Evarist huyo tangu chini ya bati la duka la dawa.

Sasa ni masika tena. Nameza kidonge kimoja kila siku na nitameza kwa miaka. Kila baada ya miezi mitatu nakwenda kliniki Mwanza, bado kwa fomu ya mihuri mitatu. Nimerudi kazini, kulala kifudifudi siwezi, nachungulia mita kwa kioo kidogo cha mkononi. Februari mistari ya vidole ilikuwa imeota. Nilikwenda Biharamulo peke yangu, Bwana Festo akavichukua vyote kumi kwa mara ya kwanza, kijani kumi. Akatuma ombi la kubadilisha. Aliniandikia namba ya ombi kwenye karatasi na akaniambia kwa furaha kwamba habari njema ni kuwa mifumo sasa imeanza kusomana: Ngara, Biharamulo, Mwanza, faili moja. Hakuna mgonjwa atakayengoja majibu wiki saba tena.

Mwezi uliopita Leokadia alikwenda kliniki ya wajawazito Biharamulo. Ana mimba ya miezi saba. Kwa kuwa alishapasuliwa, hawezi kuzalia nyumbani; lazima apangiwe tarehe. Safari hii alikuwa na kadi yake mwenyewe, ya familia, Matayo alimkatia. Nesi alimwambia aweke kidole ili wafungue faili. Faili likafunguka: Imelda, saratani ya titi, dripu nane, titi la kushoto limeondolewa. Nesi alitazama kioo, akamtazama Leokadia kifuani, akatazama kioo tena. Akamwambia faili la mimba halifunguki juu ya vidole vya mtu mwingine. Akamwelekeza kliniki ya saratani.

Amekwenda mara tatu. Bwana Festo amehamishwa wilaya nyingine. Aliyechukua nafasi yake anasema ombi langu liko hewani, likiidhinishwa vidole vya Leokadia vitakuwa huru. Hajui anayeidhinisha ni nani. Nimelifuatilia kila Jumatatu kama nilivyofuatilia majibu yangu. Linasomeka hivihivi: linashughulikiwa.

Jumapili baada ya misa Leokadia alikuja nyumbani kutoka Nyakanazi, somo yangu akitembea mbele yake, ameshajua kupanda ngazi. Alikula, akaosha vyombo, akakaa karibu yangu. Akasema tarehe yake inaangukia maharage yakivunwa. Akasema kuna kadi moja tu duniani inayofunguka kwa kidole chake.

"Wifi, siku tatu tu. Niingie, nipasuliwe, nitoke. Nitakuwa Imelda siku tatu. Mapokezi wanatazama taa tu, hawatazami kifua."

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni. Hakunyoosha mkono safari hii. Alikuwa anatazama nje.

Kadi iko kwenye daftari langu la mita, katikati ya kurasa, pamoja na nakala ya ahadi niliyoisaini. Dawa zangu za mwezi huu zinaisha tarehe ishirini na nane, na bila kadi hiyo sina nyingine. Leokadia amebakiza wiki tisa. Ameniambia hataki jibu kwa simu, atapita mwenyewe Jumapili ijayo kulichukua. Leo ni Ijumaa, na jibu hilo bado sina.